Nani Alikosa? Ulemavu, Lawama na Suala la Kuwa wa Watu katika Methali za Kiswahili, Kichwamaji na Takadini

1.0 Utangulizi

Tangu riwaya ya Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi ilipochapishwa mwaka 1974, wahakiki wameisoma zaidi kama riwaya ya udhanaishi. Wamefuatilia kukata tamaa kwa Kazimoto, msomi wa chuo kikuu anayerudi kijijini kwao akiwa nusu mgeni, na wamekijadili kifo chake cha kujiua kama jibu la swali la maana ya maisha. Usomaji huo una haki yake. Hata hivyo, ndani ya riwaya hiyo yumo mtoto mwenye kichwa kikubwa kupita kiasi, mtoto ambaye hali yake imelikaribia mno jina la kitabu, na ambaye katika uhakiki hutajwa mara nyingi na kuchunguzwa mara chache. Anapotajwa huwa ni ishara: ishara ya usomi usio na mizizi, ya kizazi kilichopotoka, ya uhuru uliozaa kisichotarajiwa. Nani anambeba? Nani kati ya majirani anamwita kwa jina? Akikua atakaa upande gani wa jamvi? Maswali haya yanaonekana madogo mbele ya falsafa, na labda ndiyo sababu yamepitwa.

Makala haya yanaanzia kwa mtoto huyo. Yanapita kwanza katika msamiati na methali, kwa kuwa huko ndiko msomaji wa Kiswahili anakojifunza kumtazama mtu mwenye ulemavu kabla hajafungua riwaya yoyote. Kisha yanakilinganisha Kichwamaji na Takadini ya Ben J. Hanson, riwaya iliyoandikwa kwa Kiingereza lakini inayosomwa na wanafunzi wengi wa sekondari nchini Tanzania. Hoja inayofuatiliwa ni kwamba masimulizi mengi juu ya ulemavu huuliza nani alikosa hata mtu akazaliwa hivyo, na kwamba swali hilo, hata linapojibiwa kwa huruma, humwacha mwenyewe nje ya mlango.

Nadharia haikosekani ya kusaidia kazi hii. David Mitchell na Sharon Snyder, katika Narrative Prosthesis (2000), walionyesha kuwa fasihi hutumia mwili wenye ulemavu kama mguu wa bandia: hadithi huuegemea ili isimame, kisha huuacha. Ato Quayson wa Ghana, katika Aesthetic Nervousness (2007), aliongeza kuwa matini yenyewe huingiwa na wahaka mhusika mwenye ulemavu anapotokea, na taratibu zake za kawaida za usimulizi huyumba. Mawazo hayo mawili yanatosha. Yaliyobaki ni kusoma.

2.0 Ujumuishi na kuwa wa watu

Lugha ya sera imetupatia neno ujumuishi, na pamoja nalo elimu jumuishi, huduma jumuishi na maendeleo jumuishi. Ni neno lenye nia njema, lakini umbo lake linasema jambo. Jumuisha ni kitenzi cha kutendesha: yuko anayejumuisha na yuko anayejumuishwa. Aliye ndani ndiye mwenye ufunguo, na aliye nje husubiri afunguliwe. Kiswahili cha barazani hakisemi hivyo. Husema huyu ni mwenzetu, huyu ni wa hapa, huyu tunazikana. Katika semi hizi hakuna anayemwingiza mwingine. Uhusiano unakwenda pande zote mbili tangu mwanzo. Msemo mfupi kuliko yote, mtu ni watu, haubagui nani ni mtu na nani ni watu.

Kipimo cha kuwa wa watu katika miji na vijiji vya Afrika Mashariki si kualikwa peke yake. Ni kudaiwa. Mtu wa mtaani huletewa kadi ya mchango wa arusi, huandikwa katika daftari la chama cha kuzikana, hutarajiwa msibani na akikosekana huulizwa. Mtoto wa nyumba hutumwa chumvi dukani. Sasa atazamwe mtu asiyeona au anayetambaa: mara nyingi kadi haimfikii, na si kwa chuki. Husemwa, "huyu tumsamehe." Msamaha huo una adabu zake zote, na ndio utengo ulio mgumu kuliko mwingine kuulalamikia, kwa sababu umevaa nguo ya wema. Asiyedaiwa chochote hana cha kudai. Akifiwa, watu watakuja kwa huruma. Hawatakuja kwa deni.

Jambo hili linafaa kuwa kigezo cha uhakiki. Mhusika mwenye ulemavu anapoingia katika hadithi, inafaa kuuliza kama kuna mtu yeyote anayemdai kitu, ambaye anamngoja, anayekasirika asipofika. Wahusika wengi watashindwa mtihani huu. Wao hupokea tu: sadaka, machozi, tiba, au kipigo.

Upande wa sheria, hatua zimepigwa. Tanzania iliuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikwenda mahali ambapo katiba chache huthubutu kwenda: ibara ya 54 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Jina likawa suala la katiba. Kwa mhakiki wa fasihi hiyo ni habari kubwa, maana inakiri kwamba madhara huanzia katika maneno.

3.0 Jina na ngeli

Malalamiko yanayosikika mara kwa mara katika makongamano ni kwamba Kiswahili chenyewe kinawadhalilisha watu wenye ulemavu kwa kuwaweka katika ngeli ya KI-VI pamoja na viti na visu: kipofu, kiziwi, kiwete, kibyongo, kilema. Hoja hii imerudiwa hadi ikapata sura ya ukweli uliothibitishwa. Haikai sawasawa. Katika kiambishi hicho hicho wamo kijana, kiongozi, kipenzi na kiumbe, na hakuna kiongozi aliyewahi kulalamika kuwa ameitwa kitu. Aidha, Kiswahili sanifu huwapa wote hao upatanisho wa viumbe hai: kiziwi amefika, viziwi wamefika. Anayesema "kiziwi kimefika" amechagua kutusi, na tusi hilo ni lake, si la ngeli.

Udhaifu wa kweli uko kwingine. Neno kilema lina maana mbili kwa pamoja: dosari iliyo mwilini na mtu aliye nayo. Mtu na dosari yake wamefungwa katika neno moja, hata msikilizaji hawezi kumtaja mmoja bila kumtaja mwingine. Hapo ndipo "mtu mwenye ulemavu" ilipofanya kazi ya maana, kwa kumtanguliza mtu na kuigeuza hali kuwa kitu alicho nacho, kama anavyoweza kuwa na shamba au na deni.

Wenyewe hawakukubaliana juu ya njia moja, na kutokubaliana huko kunafundisha kuliko miongozo ya istilahi. Viziwi wa Tanzania waliuita umoja wao Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, wakalishika neno la ki- bila haya, kwa kuwa kwao uziwi ni lugha na jamii kabla ya kuwa upungufu. Wenzao wakaita chao Chama cha Wasioona Tanzania, wakaliacha kipofu na kuchagua kitenzi cha kukanusha. Mtu anaweza kubishana na chaguo la pili, kwamba linamtambulisha mtu kwa kile asichokifanya. Lakini ni lao. Kundi lililojipa jina lina mlango wake lenyewe.

Kinyume cha hayo ni majina waliyopewa watu wenye ualbino. Zeruzeru lilikuwa tayari neno la kumweka mtu kando. Katika miaka ya mauaji, hasa Kanda ya Ziwa kuanzia katikati ya muongo wa 2000, walisikia barabarani neno jingine nyuma yao: dili. Hakuna haja ya kiambishi cha ki- ili kumfanya mtu kuwa kitu. Neno hilo la mtaani, la biashara, lilitosha, na lilisema wazi kwamba mwili huo una bei. Shaaban Robert alikuwa amekwisha kuiona hatari ya namna hii katika Kufikirika, pale ambapo kafara ya mjinga na mwerevu inatakiwa kwa ajili ya mtoto wa mfalme. Watu wanachaguliwa kwa sifa yao moja tu, na sifa hiyo ndiyo inayowafanya wafae kuchinjwa. Msomaji wa miaka ya karibuni hawezi kuisoma kafara hiyo kama fumbo tupu.

4.0 Methali: mwili usiokwisha kuumbwa

Methali inayosemwa zaidi mbele ya mtu mwenye ulemavu ni hujafa hujaumbika. Husemwa kwa mtoto anayecheka, kwa kijana anayeiga mwendo wa mwenye mguu mfupi, na mara nyingine husemwa kimoyomoyo. Kwa juu ni onyo: usicheke, nawe yatakufika. Ndivyo inavyofundishwa shuleni, na inapofundishwa hivyo inamfanya aliyeko mbele yetu kuwa kielelezo cha maafa. Tunamheshimu kwa hofu. Tunamtazama yeye na kujiona sisi wenyewe katika siku mbaya.

Lakini maneno yenyewe yana kina kuliko matumizi yake. Hayasemi kwamba hujaharibika, yanasema hujaumbika. Kuumbwa, kwa mujibu wa methali hii, hakukwisha siku ya kuzaliwa. Kunaendelea hadi pumzi ya mwisho. Basi ajali inayomkata mtu mguu akiwa na miaka 40 ni sehemu ya kuumbwa kwake, na haiwi uharibifu wa umbo lililokuwa kamili. Mwenye miguu miwili naye hajakamilika. Hana umbo la mwisho la kujivunia. Katika fasiri hii hakuna mwili wa kawaida ambao mwingine umepungua kutoka kwake. Wote wamo njiani. Ni fikra nzito ya kifalsafa iliyokaa katika maneno mawili, na inasikitisha kuwa tumeifanya fimbo ya kuwatishia watoto watundu.

Methali nyingine haina kina cha kuiokoa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu huufanya mguu uliovunjika kuwa hukumu. Kina cha mkuu na guu kimeifanya itamkike vizuri mno, hata ikaingia katika vichwa vya watoto kabla hawajaweza kuihoji. Mtoto aliyelelewa na methali hiyo, anapokutana na mtu anayechechemea, ana swali tayari: alikaidi nini huyu? Hapo lawama imekwisha kupandwa, na riwaya zitakuja kuvuna.

Zipo pia methali za werevu, ambazo zinaukubali ulemavu kama jambo la kuishi nalo. Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho huhesabiwa kuwa methali ya kufuata desturi za wenyeji. Ichukuliwe neno kwa neno: kuna nchi ambako wenye jicho moja ndio wenyeji na mwenye macho mawili ndiye mgeni anayelazimika kujirekebisha. Aliyeitunga alijua kuwa ugeni hautoki machoni. Unatoka katika wingi wa waliopo. Nayo kipofu hasahau mkongojo wake ni methali ya mtu anayezijua shughuli zake. Hapana huruma ndani yake, na kwa sababu hiyo ina heshima. Heri kufa macho kuliko kufa moyo inaelekea upande huo, ingawa inambebesha asiyeona kazi ya kuwafariji wanaoona.

Pamoja na methali, jamii za Waswahili zina masimulizi ya dini ambayo huusemea ulemavu kwa uzito zaidi ya hadithi yoyote. Katika vyuo vya Kurani mwambao mzima hufundishwa habari ya Abdullah bin Umm Maktum, mtu asiyeona aliyemwendea Mtume akitaka kufunzwa, wakati Mtume akiwa na wakubwa wa Kikureshi. Sura ya Abasa ilishuka kwa ajili yake. Inayosahaulika ni sehemu ya pili: mtu huyo alikuja kuwa mmoja wa waadhini wa Madina, na aliachiwa mji wakati Mtume alipokuwa safarini. Hakuishia kupokewa. Mji mzima uliingoja sauti yake.

Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu na kumwuliza Yesu nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Jibu linakataa mashitaka yote mawili. Habari hiyo huhubiriwa kama muujiza wa macho, na mahubiri huishia bwawani. Lakini sura inaendelea kwa kirefu. Mtu anaporudi anaona, majirani zake hawamtambui. Wanabishana kama ni yeye au ni mwingine anayefanana naye. Miaka yote walikuwa wakimwona ameketi akiomba, na kumbe hawakuwahi kumtazama uso. Wazazi wake wanaogopa kumsemea. Mwishowe anafukuzwa. Hali ya macho imebadilika, na mahali pake kati ya watu hapakupatikana. Sura hiyo ndiyo inayofaa kuwekwa kando ya Kichwamaji, hasa ikikumbukwa kuwa Kezilahabi alisomea seminari ya Nyegezi.

5.0 Mtoto asiyeulizwa katika Kichwamaji

Kisa kinajulikana. Manase, mtoto wa mkubwa wa serikali, anamharibia maisha Rukia, dada yake Kazimoto, naye Rukia anakufa. Kazimoto anadhamiria kulipiza kisasi kwa Sabina, dada yake Manase, lakini kisasi kinageuka mapenzi na mapenzi yanakuwa ndoa. Manase naye ameoa, na nyumbani kwake Kazimoto anamkuta mtoto mwenye kichwa kikubwa. Riwaya inaunganisha hali ya mtoto huyo na ugonjwa wa baba. Uzazi wa Kazimoto unapokuja kuwa wa namna hiyo hiyo, mviringo umefungwa; kinachobaki ni bunduki.

Ni muundo uliopangwa kwa ustadi mkubwa. Makosa ya wanaume wawili wasomi yanarudi kwao katika umbo la mwili wa mtoto. Swali la wanafunzi katika Injili linaulizwa upya, na safari hii linajibiwa: alikosa baba. Kezilahabi, anayesifiwa kwa kuitilia shaka dini, katika jambo hili amekuwa mkali kuliko Injili. Amerudisha hukumu ambayo Injili iliifuta. Methali ya guu lililovunjika imepanda chuo kikuu, na tofauti ni kwamba guu linalovunjika si la aliyekaidi.

Kwa kuwa msimulizi ni Kazimoto mwenyewe, msomaji hana macho mengine. Anamwona mtoto kwa mshtuko wa mgeni anayeingia sebuleni. Wahaka anaouzungumzia Quayson uko wazi hapa: lugha ya Kazimoto, ambayo kwingine imejaa kejeli na mabishano, inakosa pa kushika mbele ya mtoto. Anaogopa. Hofu hiyo si kasoro ya uandishi. Ni ya kweli na imeandikwa kwa ukweli. Tatizo ni kwamba riwaya haitoki ndani yake. Baada ya mshtuko mtoto anageuzwa kuwa habari ya wazazi, na habari ya wazazi inageuzwa kuwa habari ya Kazimoto. Mguu wa bandia umefanya kazi yake.

Salima, mke wa Manase, angeweza kuwa riwaya nyingine. Yeye ndiye aliye na mtoto huyo asubuhi wageni wakishaondoka. Anaijua namna ya kukishika kichwa kizito cha mtoto wakati wa kumwogesha, anajua analala upande gani, anajua ni jirani yupi anayekuja na yupi aliyeacha kuja. Elimu hiyo yote haimo katika kitabu, kwa kuwa Kazimoto hakuwa na haja nayo. Mhakiki anayesema hayo haombi kitabu kingine badala ya hiki. Anaonyesha mahali ambapo falsafa ya kukata tamaa ilipata urahisi: ni rahisi kuona maisha hayana maana ukiondoka sebuleni mapema.

Kuna jambo la kitabibu ambalo haliwezi kuachwa, kwa kuwa riwaya hii imesomwa na vizazi vya wanafunzi. Kichwa kikubwa cha mtoto, mara nyingi, hutokana na maji kujikusanya ndani ya ubongo. Kaswende ya mama huweza kumdhuru mtoto tumboni kwa namna nyingi, lakini sababu zinazokutwa zaidi Afrika Mashariki ni nyingine: maambukizi yanayompata mtoto mchanga, na kasoro za uti wa mgongo, kama mgongo wazi, ambazo hupungua mama anapopata asidi ya foliki ya kutosha kabla na mwanzoni mwa mimba. Madaktari wa Mbale, Uganda, ndio waliosaidia ulimwengu kuiona nafasi ya maambukizi hayo. Maji huweza kupunguzwa kwa upasuaji, kwa mpira unaoyapeleka tumboni au kwa kuyafungulia njia ndani ya ubongo wenyewe, na watoto wengi wanaowahishwa huishi. Mwaka 1974 mengi ya haya hayakujulikana kwa mwandishi wala kwa wasomaji wake, na hakuna sababu ya kumhukumu kwa hayo. Lakini mama anayefika hospitalini leo na mtoto wa namna hiyo hufika akiwa amekwisha kuulizwa nyumbani: ulifanya nini, mmeo alifanya nini, ukoo wenu una nini? Mwalimu anayefundisha Kichwamaji bila kuligusa jambo hilo anaiacha riwaya ijibu badala ya daktari.

6.0 Takadini: anayekimbia na anayepokelewa

Takadini inaanza mahali Kichwamaji inapoishia. Mtoto mwenye ualbino anazaliwa katika kijiji cha Kishona, kwa Sekai, mwanamke aliyesubiri uzazi kwa miaka mingi. Jina analopewa linabeba swali lile lile: tumefanya nini, tumekosa nini? Desturi imekwisha kutoa hukumu, na mtoto anatakiwa afe. Sekai anamchukua na kukimbia.

Uamuzi huo unaigeuza hadithi yote. Swali la nani alikosa halijibiwi. Linabaki katika jina la mtoto, linaitwa kila siku, hadi maana yake inachakaa na kuwa jina tu la mtu. Mahali pake panachukuliwa na swali jingine: nani atatupokea? Hanson ameona jambo ambalo wengi hawalioni, kwamba utengo huambukiza. Sekai hana alama yoyote mwilini, ila kwa kumshika mtoto wake amepoteza mume, nyumba, na haki ya kuzikwa kwao. Katika kijiji cha ugenini yeye ndiye anayechunguzwa kwanza.

Kupokelewa kwao hakuji kwa hotuba. Kunakuja kwa mzee Chivero, mpigaji mbira na mganga, na kwa kazi za kila siku zinazomfanya mama kuwa mtu wa hapo kabla mtu yeyote hajatangaza kuwa ni wa hapo. Sehemu hizo za kitabu, zisizo na tukio kubwa, ndizo bora kuliko zote. Takadini anakua, anajifunza mbira, anapenda, na mwishowe anaoa. Hapo msomaji makini anapaswa kupunguza furaha. Kijana huyu amelipa nauli. Amekuwa mpigaji mbira hodari, na uhodari wake ndio unaowapa wanakijiji sababu ya kumkubali. Je, kama angekuwa hana kipaji? Kama mikono yake ingekuwa mizito na sauti yake ya kawaida, kijiji kingemwozesha binti? Riwaya haithubutu kuuliza. Vijana wengine wa kijiji wanaoa bila kupiga mbira.

Maisha halisi yana mfano unaofanana na huu. Kwa miaka mingi taarifa ya habari ya Radio Tanzania Dar es Salaam ilitanguliwa na milio ya ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, mpigaji asiyeona aliyeweza kuzipiga ngoma nyingi peke yake kwa wakati mmoja. Nchi nzima ilinyamaza kumsikiliza kabla ya kumsikiliza rais. Huko ni kungojwa kwa maana kamili. Ila ni kungojwa kwa mmoja aliyekuwa bingwa, na kwa wasioona wengine mlio huo haukupunguza umbali wa kwenda shule.

Takadini imepata uzito mwingine tangu ilipoanza kusomwa Tanzania. Wakati wa mauaji, watoto wengi wenye ualbino walihamishiwa katika shule na vituo vya hifadhi, kama Buhangija mjini Shinyanga na Kabanga wilayani Kasulu. Uhai wao ulilindwa, na hilo si dogo. Lakini walilindwa kwa kutengwa: mtoto aliondolewa kijijini ili kijiji kibaki kama kilivyo. Baadhi yao walikaa huko miaka, na waliporudi likizo walirudi wageni. Sekai alimpeleka mwanawe mahali ambapo kulikuwa na wazee, jirani, binti wa kupenda na mzee wa kumfundisha mbira. Ukuta wa bweni haukuweza kuyatoa hayo, hata ukiwa imara kiasi gani.

Tofauti hiyo ilionekana pia katika siasa. Mwaka 2008 Rais Jakaya Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir kuwa mbunge, wakati ambapo uteuzi huo ulihitajika mno na ulisema jambo kwa sauti ambayo wauaji walilazimika kuisikia. Mwaka 2010 Salum Khalfani Barwany aligombea jimbo la Lindi Mjini na akachaguliwa. Wa kwanza alipewa kiti na mwenye mamlaka. Wa pili alipita mlango kwa mlango akiomba kura, akabishana, akaahidi, na waliompa kura walipata haki ya kumlaumu asipotimiza. Aliwekwa katika deni na watu wake, kama mbunge yeyote.

Mhusika wa namna hiyo bado ni adimu katika riwaya ya Kiswahili: mtu mwenye ulemavu asiye ishara ya dhambi ya mtu mwingine, asiye bingwa wa kupigiwa makofi, ambaye ana wadai, ana wivu, amechelewa kurejesha pesa za mchezo, na jirani yake amekasirika kwa sababu hakufika kwenye matanga.